Alama za Vidole Kwenye Rangi Mbichi

Papa Murhula,

Mtu aliyekuua yuko gerezani. Mkono wake wa kulia niliuvunja mimi, kwa nyundo yako ya kunyooshea vyuma. Nimeona nianze na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Mimi ni mzima. Mke wako, Mama Nabintu, ni mzima wa mwili. Binti yenu Nabintu amemaliza shule, siku za soko anauza vitambaa Madisi, na amekurithi ile sauti ya kubembeleza wateja. Atelye yetu ya Chinsapo, karakana yetu kule Lilongwe, haipo tena. Pale walipopachoma sasa pana kibanda cha kinyozi. Mimi nimerudi huku kambini Dzaleka, nimepata chumba cha matofali mabichi nyuma ya kanisa, na kazi ni ile ile. Mafundi wa nguo wananiletea vichwa vya mashini za kushona vilivyoliwa na kutu, nami navirudisha vikiwa na ngozi mpya.

Wateja bado wanaiita hivyo hivyo ulivyoiita: ngozi ya chura. Jana tu dada mmoja kutoka Uvira amesimama mlangoni akisema, "Mi nataka ile ya chura, ile ya kukunjana-kunjana." Nilitamani ungemsikia.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Mwanamke mzima, natoka Fizi, sijui hata kushika bisibisi, na moyo umejaa watu niliotaka kuwaua. Siku ya kwanza ulinipa brashi ya waya na gurudumu lenye kutu. Nililisugua kama nachuna mtu ngozi, mpaka vidole vikatoka damu. Ukaja ukanishika mkono. "Neema," ulisema, "ile chuma haikukukosea kitu." Waliokuwepo walicheka. Mimi sikucheka. Chuma kilikuwa kitu pekee nilichoweza kukipiga bila mtu kupiga kelele.

Nawe ulijua. Ndiyo maana miaka miwili ya kwanza ulinipa kazi za kukwangua tu. Kung'oa rangi ya zamani kwa soda kali ya kutengenezea sabuni, ile inayounguza ngozi ukizembea. Kupitisha msasa. Kufuta mafuta mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Kujaza grisi kwenye matundu ya mafuta na kufunika sehemu zinazozunguka kwa plasta na gazeti, rangi isije ikaingia ndani na kukwamisha mashini. Kupuliza kulikuwa kwako peke yako. Ulisimama mbele ya ile mota ya friji uliyoiunganisha na mtungi, kitambaa puani, mkono ukienda na kurudi: mkono wa kwanza wa rangi kwa upana, wa pili kwa urefu, wa tatu kwa kukata kona. Baada ya hapo kichwa cha mashini kinaingia kwenye pipa lililokatwa, makaa chini yake, tunakaa tunangoja. Rangi ilikuwa laini kama maziwa, halafu ghafla inaanza kujivuta. Inakunjamana yenyewe, mbele ya macho yako, na kila shimo la kutu, kila pigo la zamani, linapotea humo ndani.

Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilitoka nje nikalia.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, tukiwa wawili tu. Asubuhi tulikuwa tumesikia maneno ya sokoni kwamba mwenye duka mmoja, mkimbizi kama sisi, amempiga mteja akamtoa jino. Wengine wakasema amemuua. Kufika saa sita, mteja mmoja alikuwa amegeuka watatu. Nilikwambia tufunge twende. Ulikuwa umeshapuliza mkono wa tatu kwenye vichwa vinne vya kijivu, vinaning'inia kwenye waya vikingoja pipa. "Tuache zikauke vibaya? Batu watalilia mashini zao," ulisema. Ukageuka kuchochea makaa.

Kwanza tulisikia mabati. Unapopiga bati la duka kwa chuma, sauti yake haifanani na kitu kingine. Duka la kwanza, la pili, la tatu, zinakaribia. Kisha sauti za watu: "Maburundi achoke! Maburundi achoke!" Sisi hatukuwa hata Warundi. Kwao sisi sote tulikuwa Warundi, tuondoke.

Ulikimbilia mlango ukaweka bega. Mimi nilikuwa karibu na dirisha la nyuma.

Hapa, Papa Murhula, kwa muda mrefu nimekuwa nikisimulia watu kwamba uliniambia, "Neema, kimbia." Nimesema hivyo msibani. Nimesema hivyo mbele ya hakimu, mkono juu ya Biblia. Acha niendelee kwanza, nitalirudia.

Nilitoka kwa dirisha. Sikufika mbali. Nilijificha nyuma ya choo cha jirani, ukuta wa mbao zilizoachana, na kwenye upenyo wa mbao nikaona mlango unavunjika. Sikuona nyuso. Niliona miguu, niliona mikono, niliona nondo moja ikipanda na kushuka. Ulisimama. Ulimpiga mmoja kwa koleo la makaa na makaa yakamwagika shingoni mwake, alilia kama mnyama, na nilifurahi, nakwambia ukweli. Kisha nondo ikakupata gotini. Ulipoanguka, mtu mmoja alifika kwenye waya, akang'oa kichwa cha mashini kilicholowa rangi, akakinyanyua kwa mikono miwili. Kilo kumi na kitu za chuma. Akakishusha. Akakinyanyua tena. Nilihesabu mpaka nne halafu nikafumba macho.

Waliondoka na vile vichwa vinne, mota na mtungi. Waliomwagia sakafu tina ya kuyeyushia rangi hata hawakuhitaji kiberiti, makaa yalikuwepo. Mwenye nyumba, mzee Mmalawi, ndiye aliyeingia motoni akakuvuta kwa miguu. Aliungua mikono yote miwili. Nimemsahau mara nyingi kwenye hasira zangu, naandika hapa nisimsahau tena.

Chumba cha maiti tuliingia mimi na Mama Nabintu. Upande mmoja wa uso wako ulikuwa bado wako. Upande wa pili sitauandika. Lakini kwenye nywele zako rangi ya kijivu ilikuwa imekauka, na ilikuwa imekunjamana, ngozi ya chura kabisa, nzuri, bila dosari, kama kazi ya kumkabidhi mteja. Mama Nabintu aliisugua kwa mafuta ya taa, akaisugua, akaisugua, mpaka mhudumu akamwambia, "Pepani, amayi, pole mama, inatosha." Akampiga mhudumu kofi. Tulikuzika Dzaleka na rangi kichwani.

Tangu hapo niliishi na nyundo yako, niliyoiokota kwenye majivu. Sitanii. Nilienda nayo kanisani ndani ya kikapu, chini ya Biblia. Nikipita Lilongwe kununua makopo ya rangi nilikuwa naangalia mikono ya wanaume. Shingo zao pia, nikitafuta kovu la moto. Polisi walikuwa wamekamata vijana wachache na kuwaachia. Hakuna aliyeona, walisema. Na mimi niliyeona sikuwa nimeona uso.

Ulipita msimu mmoja na nusu wa mvua. Siku moja asubuhi, nikiwa napitisha msasa, kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ilisimama nje na mwanamume akashuka kwenye kiti cha nyuma, amepakata mzigo kwenye gunia. Kabaza ya pili ilimleta mkewe. Wamalawi, watu wa heshima, wamevaa vizuri kwa safari. Mke alisema yeye ni fundi nguo Lilongwe, ameambiwa Dzaleka kuna mama anayejua kupaka mashini. Kichwa cha mashini yake kinashona vizuri sana, ila rangi ina doa baya, wateja wanamcheka.

Mume alikitoa kwenye gunia akakiweka kwenye benchi.

Nilikijua kabla hakijatulia. Mkono wako ninaujua, Papa Murhula, kama mtu anavyojua mwandiko. Ile kona ya shingo ya mashini ambapo ulipenda kupitisha mara ya nne kidogo. Rangi ilikuwa imejikunja yenyewe juani, si sawasawa, kwa kuwa haikupata pipa. Na katikati ya mkono wa mashini, pale ambapo mtu angeshika ili akinyanyue, palikuwa laini. Kiganja. Vidole vinne vimejichora kwenye rangi iliyokuwa mbichi, na cha shahada kilikuwa kifupi, kimeishia kwenye kiungo cha kati.

Sikutazama uso wake. Nilitazama mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa nusu.

Nilimsikia mke akiuliza itachukua siku ngapi. Nikamjibu, siku tatu, amayi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Nikamwambia mume kwa Chichewa, "Bwana, hebu shika hapa, nione doa linaanzia wapi." Naye, bila kufikiri, akaweka mkono. Uliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Aliona wakati ule ule nilipoona. Akaniangalia. Mimi tayari nilikuwa na nyundo.

Pigo la kwanza lilimpata juu ya mkono ukiwa bado kwenye chuma, na nilisikia mifupa. La pili bega. Alianguka chali kati ya benchi na ukuta. Nikaitupa nyundo, nikakikamata kichwa cha mashini, nikakinyanyua juu kwa mikono miwili kama nilivyoona siku ile. Kilikuwa chepesi. Nakuapia, kilikuwa chepesi kama kapu tupu. Nilikuwa nakwenda kukishusha. Usije ukadhani kwamba kuna malaika aliyenishika, au kwamba nilikumbuka mafundisho yako. Aliyenizuia ni mkewe. Alinirukia akaniuma mkono wa kushoto, akauma na hakuachia, meno yakaingia mpaka mashini ikanitoka ikaanguka sakafuni karibu na sikio la mume wake. Kisha akamlalia juu, mwili mzima. "Utuue sote!" alipiga kelele. "Utuue sote!"

Kelele zile zikaleta watu. Unaijua Dzaleka, kabla hujamaliza kupiga chafya kuna watu ishirini. Mtu akauliza kuna nini, nami nikasema, huyu ndiye aliyemuua Papa Murhula. Maneno hayo tu. Laiti ningeyameza. Walioyasikia waliyapeleka nje, na nje palikuwa na vijana wa Bukavu waliokulia mikononi mwako, na wanaume wenye maduka waliopigwa Chinsapo siku ile ile. "Umutoe! Umutoe inje!" Jiwe la kwanza liligonga bati la paa.

Ile sauti, Papa Murhula. Bati.

Nilifunga mlango kwa ndani. Nikasukuma benchi, nikasukuma pipa. Sikufanya hivyo kwa huruma. Nilimtaka aseme mbele ya watu, akiwa hai, kwa mdomo wake. Na nilimwogopa yule mwanamke, sijui kwa nini, kana kwamba yeye ndiye hakimu. Tukakaa humo watatu, mawe yakinyesha juu. Mkono wangu ulitoka damu, wake ulikuwa umevimba kama boga. Mke alimuuliza mara moja tu, taratibu: "Uliniambia umeinunua kwa mkimbizi anayehama. Ni kweli anachosema huyu?" Mume alimkwepa macho. Akageuka kwangu.

"Kila mtu alikuwa anapiga," alisema. "Sikumjua. Hata jina sikujua."

Nikamwambia jina lako. Nilimwambia lote, na la baba yako, na mtaa wako wa Bukavu.

Kisha akasema, "Alikuwa anaita. Tulipokuwa tunasukuma mlango alikuwa anaita, Neema, Neema. Mpaka tulipoingia alikuwa anaita. Neema ni nani?"

Mke wake, ambaye hakujua jina langu, alinitazama usoni akajua.

Polisi wa kambi walifika wakatutoa kwa nyuma. Yeye walimpeleka hospitali akiwa na pingu kwenye mkono mzima. Mimi walinilaza mahabusu kwa ajili ya nyundo. Kesi ilisikilizwa Lilongwe. Kichwa cha mashini kiliwekwa mezani mbele ya hakimu, na kila mtu aliona mkono ule ulivyoandikwa. Mkewe alisimama akasema kweli yote: siku aliyokuja nacho, damu kwenye ukosi, uongo aliomwambia. Hakulia. Mumewe alifungwa miaka mingi na aliwataja wengine wawili, mmoja ana kovu la moto shingoni. Mimi nilipewa kifungo cha nje na onyo kali. Nilipotoka pale nje, yule mwanamke alipita karibu yangu akatema mate chini, si juu yangu, chini, akaenda zake. Sikumchukia. Mkononi nina meno yake yote ya mbele.

Watu walinibeba juu huku Dzaleka. Waliimba. Mama Nabintu alinikumbatia akasema nimekuwa mtoto wake wa kwanza. Kila alipomsimulia mgeni alimalizia hivi: "Mume wangu alimuambia akimbie, naye akaishi, njo akaja kumulipia kisasi." Na mimi nilikaa pale nikinywa chai yake.

Hukuniambia nikimbie.

Uliweka bega kwenye mlango, ukageuza kichwa, ukasema, "Neema, kuya hapa! Tushike mulango!" Hukuwa na hofu hata. Ulisema kama unavyosema nishike upande wa pili wa pipa. Pale palikuwa na komeo la chuma limelegea, lilihitaji mtu wa pili kulisukuma lishike. Mtu mmoja tu. Niliangalia komeo, nikakuangalia wewe, nikapanda dirishani. Kule Fizi pia nilipanda dirishani, na mama yangu alibaki. Ukaniita. Nilisikia kila mara uliyoniita. Labda lile komeo lingeshika. Labda lingeshika kidogo tu, mpaka yule mzee mwenye nyumba afike na majirani. Labda tungekufa wawili. Sijui, na hakuna wa kunijulisha.

Mkewe anajua, na mtu aliyekuua anajua, kwamba uliniita. Mume yuko gerezani, na siku moja atatoka. Lakini sikusema kwa kumwogopa yeye. Nimesema kwa sababu Mama Nabintu alianza kumfundisha Nabintu ile hadithi, na Nabintu akaniomba niisimulie kanisani kwenye kumbukumbu yako.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mke wako. Alikuwa anasonga bugali. Nilipiga magoti palepale jikoni nikamwambia yote, kuanzia komeo. Aliendelea kusonga mpaka nikamaliza. Kisha akautoa mwiko, una unga wa moto, akanipiga nao usoni. Akanipiga kichwani. Akanipiga mgongoni nilipoinama, akahesabu kwa sauti, nadhani alikuwa anahesabu mara ulizoniita. Sikuinua mkono. Mwiko ulipovunjika alitumia ngumi. Nabintu ndiye aliyetutenganisha, naye hakunigusa wala hakunitazama. "Toka," Mama Nabintu alisema. "Toka, ulizoea kutoka." Nikatoka. Kwa mlango.

Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia nitarudi mahakamani kusahihisha kiapo changu. Amesema atanisindikiza Jumatatu. Hukumu ya yule mtu haitabadilika, ila yangu huenda ikabadilika. Nimeshawaambia wateja wachukue mashini zao.

Basi nikuage, Papa Murhula. Siku zote niliogopa kukuandikia kwa sababu nilijua nitafika hapa. Sikuombi unisamehe, na wewe ukiwa huko usijisumbue kutafuta neno zuri la kuniambia, nakufahamu. Ninachokuahidi ni hiki. Jumatatu nitakwenda. Nikirudi siku ile ile, au nikirudi baada ya miaka, nitapitia kwanza kwa mke wako. Nitabisha. Asipofungua nitakaa kizingitini mpaka jua lizame, na kesho tena, na siku itakayofuata. Akifungua akiwa na kitu mkononi, nitabaki nimesimama pale pale.

Lala, Papa.

Neema